Patografu inajazwa mtoto ameshazaliwa: tuanzie wapi kurekebisha?

MpakaniUbora aliuliza:

Wakubwa, habari za kazi. Niko kituo cha afya cha daraja la 4 huku mashariki mwa Uganda, karibu na mpaka. Kamati ya ubora nimekabidhiwa mimi, lakini cheo chenyewe ni cha karatasi: wakunga wote wamenitangulia kazini, na inchaji, mkuu wa kituo, siku nyingi yuko kwenye vikao vya wilaya.

Tatizo ni patografu, ile karatasi ya grafu ya kufuatilia uchungu wa kuzaa unavyoendelea. Ukifungua faili asubuhi imejaa, nukta zimepangika utadhani zimepigwa rula. Ukipita leba saa nane usiku, mama amefunguka sentimita 7 na karatasi ni nyeupe. Mafunzo yamefanyika mara mbili, bango liko ukutani, barua ya onyo imeshatoka. Kilichobadilika ni mwandiko tu.

Naomba msaada: nianzie wapi bila kugombana na watu? Nipime nini ili nijue kweli tunasogea? Na wanafunzi tunaowapokea, wa ukunga na wa udaktari, niwatumieje? Kwa sasa wao ndio wanaotumwa kujaza hizo karatasi mama akishajifungua.

---

Sista_wa_Leba:

Mafunzo ya tatu achana nayo. Hao wakunga patografu wanaijua, pengine kumshinda mkufunzi wenu. Tafuta kwanza uongo unaingilia mlango gani.

Chukua faili 20 za mwezi uliopita. Usiletewe na mtu, maana utaletewa zile nzuri. Fungua rejista ya wazazi, gawa idadi ya waliojifungua kwa 20. Ukipata 6, chukua kila jina la 6. Halafu zisome kama mpelelezi. Mapigo ya moyo wa mtoto ni 140, 136, 144, 140 mpaka mwisho? Zote zinagawanyika kwa 4: mtu alihesabu sekunde 15 akazidisha, au hakuhesabu kabisa. Kalamu ni ile ile tangu kulazwa hadi kujifungua, wakati zamu ilibadilika katikati? Kila kipimo kimeangukia saa kamili au nusu saa kamili, hakuna hata kimoja cha saa tatu na dakika 10? Na mstari wa kufunguka kwa mlango wa kizazi umepanda sambamba na mstari wa tahadhari uliochapwa kwenye fomu, kwa kina mama wote 20 bila hata mmoja kuuvuka? Uchungu wa wanawake 20 hauendi hivyo hata siku moja.

Ukishamaliza faili, kaa leba kwa muda wa saa 4 na daftari, usiseme neno, andika tu kinachomzuia mkunga kuandika. Mara nyingi utakuta mambo madogo ya aibu. Fomu ni fotokopi ya fotokopi, vijisanduku vya mapigo havionekani na sehemu ya chini, ya presha na mkojo, imekatika. Faili liko mezani kwenye ofisi ya sista wakati mama yuko kitanda cha mwisho. Saa ya ukutani haina mshale wa sekunde, au betri imeisha. Fetoskopu, chombo cha kusikilizia mapigo ya mtoto tumboni, ni 1 na iko wodi ya wajawazito. Vitu hivi havitaki mradi: saa yenye mshale wa sekunde inayoonekana toka kila kitanda, ubao wa kubania karatasi unaoning'inia kwenye kila kitanda na kalamu imefungwa kwa uzi, fetoskopu 2 za leba peke yake.

Jambo jingine linalosahaulika: mnatumia fomu ipi? Ile ya zamani ya Shirika la Afya Duniani inaanza sentimita 4, ina mstari wa tahadhari wa sentimita 1 kwa saa, na mstari wa hatua, wa kuamua la kufanya, uko saa 4 mbele yake. Mwongozo mpya wa mwaka 2020 unaanza sentimita 5 na hauna ile mistari miwili. Una ukomo wa muda kwa kila sentimita: saa 6 kwenye 5, saa 5 kwenye 6, saa 3 kwenye 7, saa 2 na nusu kwenye 8, saa 2 kwenye 9. Fomu mbili zikichanganyika leba moja, mkunga wa zamu ya mchana anaanza kuandika akiwa na hesabu moja na wa usiku anamalizia kwa nyingine. Chagueni moja, nyingine itoeni kabisa kabatini.

---

MzeeWaZamu:

Siku hizi mnabembeleza watu mno. Barua ya pili, nakala kwa DHO, afisa wa afya wa wilaya, utaona kama karatasi haitajazwa.

---

Dkt_Daraja4:

Mzee, itajazwa, na ndicho anacholalamikia: tayari inajazwa. Barua ya pili italeta nukta zilizonyooka zaidi.

Tufanye hesabu ambayo kamati nyingi hazijawahi kuifanya. Kila nusu saa, kwa mama mmoja aliye kwenye uchungu hasa: mikazo ya tumbo inahesabiwa dakika 10 mkono ukiwa tumboni. Mapigo ya mtoto yanasikilizwa dakika 1 nzima, wakati wa mkazo na angalau sekunde 30 baada yake. Ukiongeza kutafuta pahali pa kuweka fetoskopu, sema dakika 3. Mapigo ya mama, 1. Kuandika, 1. Hizo ni dakika 15. Kina mama wawili wamemaliza nusu saa yote. Akija wa tatu na mkunga ni mmoja, kipimo kamili hakiwezekani, hata awe malaika. Ukimdai kitu kisichowezekana halafu ukamkagua kwa karatasi, umemwambia adanganye.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya inchaji iandikwe na kusainiwa: mama wa 3 aliye kwenye uchungu hasa akiingia, mkunga wa zamu anapiga simu na mkunga wa akiba anatoka nyumba za wafanyakazi. Simu iwe ya wodi na iwe na salio. Na pale msaada unapochelewa, daktari na wakunga wawe wamekubaliana mapema ni kipimo gani kinatangulia. Kwangu mimi mapigo ya mtoto hayarukwi kwa sababu yoyote, maana hapo ndipo mtoto anapopotea kimyakimya.

La pili ni hofu. Kifo cha mama kinaripotiwa ndani ya saa 24 na kujadiliwa ndani ya siku 7. Utaratibu ni mzuri, ila vikao vingine vinageuka mahakama: karatasi inawekwa mezani, inatafutwa nafasi tupu, inatafutwa saini. Mkunga mwenye akili anajifunza kwamba nafasi tupu ni hatari na uongo uliojaa ni salama. Geuzeni hilo. Wekeni kanuni moja: kipimo kisichofanyika hakijazwi kamwe, mkunga anapiga mstari kwenye safu hiyo na kuandika sababu kwa maneno matano, "sikupima, kitanda 2 anavuja damu". Kilichopimwa kikachelewa kuandikwa kinaandikwa kwa saa yake halisi, na pembeni "nimeandika saa kadhaa". Na inchaji atamke mbele ya wote, kisha aandike kwenye kitabu cha kumbukumbu za kikao, kwamba nafasi tupu yenye sababu haitamletea mtu barua. Akivunja ahadi hiyo mara moja, mmerudi mwanzo, na safari hii hawatamwamini tena.

Zile sababu ndizo dhahabu yenu. Baada ya mwezi zihesabuni. Zikionyesha kwamba nusu ni "niko peke yangu, mama wanne", hiyo si kazi ya kamati ya ubora tena. Ni kazi ya inchaji kwenda nayo kwa kamati ya uongozi wa kituo na kwa msaidizi wa DHO wa afya ya mama na mtoto, akiwa na karatasi mkononi badala ya malalamiko.

Fomu zenyewe: daraja la 4 mnaagiza wenyewe kutoka NMS, bohari ya taifa ya dawa, na mzigo unakuja kila miezi 2. Kama mnazalisha kina mama 120 kwa mwezi, mnahitaji 240 kwa mzunguko, ongeza robo kwa zinazoharibika na mzigo unaochelewa: 300. Wekeni alama kwenye rundo la fomu zikibaki 80. Ikifika hapo mtu anatoa nakala kutoka kwenye fomu safi ya asili inayotunzwa kwenye bahasha ya plastiki, si kutoka nakala iliyobaki mwisho.

---

Takwimu_za_Wodi:

Nijibu swali la kupima, maana hapo ndipo wengi wanapotea.

Asilimia ya patografu zilizojaa, iliyohesabiwa mwisho wa mwezi kutoka kwenye faili, itupe. Kwenu hicho ni kipimo cha ufundi wa kujaza. Chukua kipimo cha papo hapo: mtu anaingia leba saa isiyojulikana, anaangalia kila mama aliye kwenye uchungu hasa wakati huo, na kujibu swali moja la ndiyo au hapana: je, kuna mapigo ya mtoto yaliyoandikwa ndani ya dakika 30 zilizopita? Namba ya juu ni walio na "ndiyo", ya chini ni wote waliokuwa vitandani. Hakuna anayeweza kukijaza baadaye.

Saa ya kuingia msichague kwa kichwa. Andika vikaratasi 24, cha saa 1 mpaka 24, tia kwenye kopo, vuta 2 kila siku. Kikitoka cha saa tisa usiku, ni saa tisa usiku. Mwambieni mlinzi au nesi wa wodi nyingine aliyeko zamu apite, maana kazi ni kusoma karatasi tu. Majina ya wakunga yasiandikwe popote kwenye fomu hiyo.

Siku 12 za kwanza msibadilishe kitu. Kila siku weka nukta moja kwenye karatasi ya mraba iliyobandikwa leba kwenyewe, isifungiwe ofisini. Kina mama wakiwa wachache, jumlisheni siku 3 ziwe nukta 1, kwa sababu 1 kati ya 2 ni 50% na kesho 2 kati ya 2 ni 100%, na mtu atadhani mmefanya muujiza usiku mmoja. Panga namba kwa ukubwa, chukua ya katikati, chora mstari wake. Baada ya hapo ndipo mabadiliko yaanze. Nukta 6 mfululizo upande mmoja wa mstari huo ni badiliko la kweli. Nukta 5 mfululizo zinazopanda tu, au kushuka tu, pia. Iliyoangukia juu ya mstari wenyewe usiihesabu, wala isikatize mfululizo. Nukta moja iliyoruka juu Jumatatu aliyokuja mgeni kutoka wizarani isikuchangamshe.

Vifo je? Watoto wanaozaliwa wamekufa wakiwa bado wabichi, yaani waliokufa muda mfupi kabla ya kuzaliwa, mnawaripoti kwenye HMIS 105, fomu ya taarifa ya kituo, kila mwezi, na ndio tunaotaka kuwaokoa. Ila kwenye kituo kimoja ni wachache, grafu ya mwezi itaruka 0, 2, 1, 0 na haitakwambia kitu. Chora siku zilizopita kati ya kifo kimoja na kinachofuata. Nukta zikipanda, nafasi inapanuka. Pamoja na hicho weka kipimo kimoja cha madhara ya kazi yenu wenyewe: idadi ya kina mama waliopelekwa upasuaji. Mkianza kusikiliza mapigo vizuri mtapata wasiwasi mwingi, na daktari kijana anaweza kukimbilia kisu.

Kuhusu mzunguko wa Panga, Fanya, Chunguza, Amua: Shewhart na Deming, waliouanzisha, walikuwa watu wa takwimu waliofanya kazi na viwanda. Kiwandani hubadilishi mashine zote kwa siku moja. Jaribio la kwanza ni mkunga 1, mama 1, zamu 1. Ubao wa kubania karatasi uning'inie kichwani au miguuni pa kitanda? Jaribu kwa mama mmoja, uliza jioni, badilisha kesho. Mkianza na "kuanzia tarehe 1 wodi nzima", tarehe 15 mtakuwa mmesharudi mlikotoka.

---

MpakaniUbora:

Asanteni sana. Fotokopi iliyokatika chini tunayo, nimecheka peke yangu. Kwenye wanafunzi bado: chuo kinataka kila mmoja aandike ripoti ya mradi wake, na wakikaa leba wanakimbilia tu kuzalisha.

---

Mkufunzi_Kaskazini:

Wanakimbilia kuzalisha kwa sababu kitabu chao cha mazoezi kinahesabu watoto waliozalishwa. Saa 6 za kumfuatilia mama hazina mahali pa kusainiwa. Usimlaumu mwanafunzi, ongea na mkufunzi wake kabla kundi halijafika: kila mama aliyefuatiliwa tangu sentimita 5 hadi kujifungua, karatasi ikiwa imejazwa kwa wakati, asainiwe kama kazi kamili. Vyuo vyetu vina desturi ya kupeleka wanafunzi kwa jamii. Mbarara ilianza nayo 1989, na Makerere ilipobadilisha mtaala 2003 iliiweka katikati. Kwa hiyo hutakuwa unaomba kitu kigeni.

Mpango wenyewe: mwanafunzi mmoja, mama mmoja. Asipewe vitanda vitatu. Siku ya kwanza anahesabu mapigo pamoja na mkunga kwa wakati mmoja, mkunga na fetoskopu, mwanafunzi na dopla, kifaa cha umeme cha kusikilizia mapigo, kama ipo, dakika 1 kamili, kila mtu anaandika namba yake kwenye kiganja bila kusema. Wakitofautiana kwa zaidi ya mapigo 5 wanarudia. Wakikubaliana mara 3 mfululizo, mwanafunzi anaachiwa. Akisikia chini ya 110, au 160 na zaidi, haandiki kwanza, anaita kwanza. Mkunga anampindua mama ubavu wa kushoto, anasikiliza tena mwenyewe, ndipo karatasi. Na mwanafunzi asishike kalamu kwa kipimo ambacho hakukifanya yeye. Mkubwa akimtuma ajaze, awe na jibu moja lililokubaliwa na inchaji: "Nimeambiwa nipige mstari." Bila jibu hilo mkononi, mtoto wa miaka 20 hawezi kumkatalia sista mkuu, tusidanganyane.

Hatari iko hapa: wanafunzi wakizidi, vidole vinazidi. Kupima njia kwa vidole ni kila baada ya saa 4, labda kuwe na sababu. Anayepima ni mmoja. Mwanafunzi akitaka kujifunza anapima wakati ule ule wa zamu ya kipimo, mama akikubali, na si wanne kwa foleni. Kila kidole cha ziada ni hatari ya maambukizi unayomletea mama.

Ripoti ya mradi: chuo kikubali mradi mmoja wa kurithishana. Kundi la kwanza linafanya zile siku 12 za mwanzo na kuandika zilivyokuwa. La pili linajaribu mabadiliko 2 au 3 madogo. La tatu linahesabu sababu za nafasi tupu. Kila kundi linaacha daftari moja kubwa leba lenye: tulijaribu nini, tarehe gani, nukta zilikwenda wapi, nini kilishindikana. Kila mwanafunzi anaandika ripoti yake kuhusu kipande chake, alama anapata, na nyinyi hamuanzi upya kila msimu na mada mpya ya usafi wa mikono.

---

Sista_wa_Leba:

Naongeza kwa hapo pa kukabidhiana zamu. Fanyeni kitandani, si mezani: anayetoka, anayeingia, na mama mwenyewe akisikia. Dakika 2 kwa kila mama, karatasi ikiwa wazi mbele yao: yuko sentimita ngapi na saa ngapi alipimwa, mapigo ya mwisho ya mtoto, kipimo kijacho ni saa ngapi. Karatasi ikiwa tupu, anayeingia anaandika "nimepokea bila kumbukumbu tangu saa kadhaa" na kuanza hapo hapo. Hakuna ugomvi, ila anayetoka hawezi tena kurudi asubuhi kuijaza, kwa sababu mstari umeshapigwa.

---

MpakaniUbora:

Swali la mwisho. Jaribio la kwanza niweke zamu ya usiku, kwa kuwa ndiko kuna shida, au mchana? Na nimchague mkunga yupi?

---

Dkt_Daraja4:

Mchana, siku isiyo na kliniki kubwa ya wajawazito, na uwepo mwenyewe. Usiku uje jaribio la nne au la tano, ukiwa na ubao, saa ya ukutani na namba ya mkunga wa akiba tayari.

Mkunga: si yule anayekukubalia kila kitu kwenye kikao. Mfuate yule anayelalamika kwamba fomu hii haifai, ambaye wenzake wanamsikiliza chai ya saa nne. Mpe fomu safi na umwulize swali moja, "Hapa kitandani, nini kinakuzuia kuijaza?" Atakachosema cha kwanza, kitafutie dawa ndani ya siku 2, hata kama ni kalamu.